Mitambo ya Mbali na Mkono Unaoiongoza

Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhafen, bandari inayoitwa leo Liuli, mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Tarehe 13 ikatokea meli ya Kiingereza, Gwendolen, ikaanza kuipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, hakukimbia. Aliingia kwenye mashua akapiga kasia hadi kwenye meli ya adui, amefura kwa hasira, akamuuliza nahodha Rhoades amepatwa na nini. Wawili hao walikuwa marafiki. Berndt hakujua kwamba nchi zao zilikuwa vitani tangu tarehe 4. Habari ilikuwa imemfikia mmoja, mwenzake haikumfikia. Alitekwa palepale.

Juu milimani mambo yalikuwa hayohayo. Katika boma la Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, mkuu wa Kijerumani alikuwa amesikia tetesi tu, akamwandikia barua mwenzake wa Kiingereza aliyekuwa Karonga kumuuliza kama kweli kuna vita. Mwendo mfupi kusini mashariki, ukingoni mwa Ziwa Masoko, ziwa la volkano ambalo wenyeji huliita pia Kisiba, ilikuwa kambi ya Kampuni ya 5 ya Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani. Tarehe 9 Septemba kampuni hiyo ilishambulia Karonga ikapigwa vibaya. Mei 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yaliingia Neu-Langenburg, na enzi ya Wajerumani katika nchi ya Wanyakyusa ikakoma. Simulizi za sarafu na silaha zilizotupwa ziwani zinasimuliwa mpaka leo.

Si kwamba Wajerumani hawakuwa na mitambo ya redio. Walikuwa na vituo vitatu, Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba. Lakini tarehe 8 Agosti 1914 manowari HMS Astraea iliishambulia Dar es Salaam, mnara wa redio ukaanguka, na makao makuu yakapoteza sauti yake siku nne tu baada ya vita kutangazwa. Miaka mitatu baadaye redio ilifanya jambo la ajabu zaidi. Novemba 1917 zepelini L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiwa imebeba dawa na risasi za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Ilivuka Bahari ya Mediterania na jangwa lote la Misri, na ilikuwa tayari juu ya Sudan pale ujumbe wa redio kutoka Ujerumani ulipoiamuru irudi. Ilirudi. Ilikaa hewani saa 95 bila kutua.

Matukio hayo yanabeba swali ambalo halijazeeka. Kituo kiko mbali, maamuzi yanatoka kwingine, na kati yao kuna njia inayoweza kukatika wakati wowote. Je, kituo kisimame chenyewe au kisubiri amri? Swali hilo liliulizwa upya karne iliyofuata, safari hii kwa ajili ya visanduku vyeupe vyenye taa ndogo vinavyofungwa darini maofisini, mashuleni na mahospitalini ili watu wapate intaneti kwenye simu zao. Mafundi huviita akses pointi. Historia ya jinsi visanduku hivyo vilivyotoka kwenye kujitegemea vikawekwa chini ya mkono mmoja inaigusa moja kwa moja sehemu kama Kisiba, kando ya ziwa lile la Masoko, ambako visanduku vinaweza kufika kirahisi lakini fundi hafiki kirahisi.

Chanzo chake kiko visiwani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa ALOHAnet. Kompyuta kubwa ilikuwa kisiwa cha Oahu, watumiaji walitawanyika visiwa vingine, na kutandaza waya chini ya bahari kulikuwa na gharama isiyobebeka. Wakaamua kutumia redio. Kila kituo kilirusha ujumbe wake bila kuomba zamu. Ujumbe ukigongana na mwingine, kilisubiri muda wa kubahatisha kikarusha tena. Fikra hiyo ndiyo iliyomchochea Bob Metcalfe alipobuni Ethernet mwaka 1973, na damu yake bado imo ndani ya kila Wi-Fi.

Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu watu watumie baadhi ya masafa bila leseni, yakiwemo yale ya 2.4 GHz. Kampuni ya NCR, watengenezaji wa mashine za kaunta za madukani, waliona nafasi: duka likipanga upya kaunta zake, kwa nini livunje sakafu kuhamisha waya? Wahandisi wao wa Nieuwegein, Uholanzi, walitengeneza WaveLAN, na mmoja wao, Vic Hayes, akaongoza kamati ya kutafuta kanuni ya pamoja ili mitambo ya kampuni tofauti iweze kuelewana. Kazi ilianza 1990 na kanuni ya kwanza ya 802.11 ikatoka 1997, ikiwa na mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde. Toleo la 1999 lilifikisha megabiti 11. Mwaka huohuo Steve Jobs alisimama jukwaani New York na kompyuta ya iBook iliyofungua intaneti, akaipitisha ndani ya hula hupu ili watu waone hakuna waya uliofichwa. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Jina la Wi-Fi nalo lilizaliwa mwaka huo.

Kabla umma haujalisikia jina hilo, kulikuwa na watu waliokwisha kuonja uchungu wake. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, kilianza mwaka 1993 mradi wa kukifunika chuo kizima kwa mtandao usio na waya. Waliuita Wireless Andrew, na kiongozi wake alikuwa Alex Hills, mhandisi aliyewahi kufanya kazi ya simu na redio katika vijiji vya Alaska. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kufunga akses pointi moja ni kazi ya dakika, ila kufunga mia ni taaluma.

Ugumu wenyewe ni huu. Masafa ya 2.4 GHz yamegawanywa katika chaneli nyingi, lakini kwa kweli ni tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Ukifunga akses pointi mbili jirani kwenye chaneli moja zitagombea hewa, na kila moja itapunguza mwendo wa mwenzake. Ukipandisha nguvu ya moja ili ifike mbali, simu itaisikia vizuri lakini yenyewe haitaisikia simu, kwa kuwa simu haina nguvu ya kujibu kutoka umbali huo. Ukizibana nguvu kupita kiasi, katikati kunabaki mashimo. Kwa hiyo mafundi wa Hills walitembea jengo kwa jengo na vipimo mkononi, wakachora ramani, wakachagua chaneli kwa akili na penseli. Mtu akijenga ukuta mpya au kuhamisha kabati za chuma, hesabu inaanza upya.

Halafu mwaka 2001 pigo likaja. Watafiti Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha kwamba WEP, kufuli la kwanza la Wi-Fi, linaweza kuvunjwa kwa kusikiliza hewani tu. Mashirika yaliyokuwa na akses pointi 300 yalijikuta yanahitaji kuingia kwenye kila moja, kubadilisha nywila, kuweka programu mpya ya ndani na kuhakikisha hakuna iliyosahaulika. Akses pointi moja iliyosahaulika ilitosha kuacha mlango wazi. Na wakati huohuo wafanyakazi walikuwa wananunua visanduku vyao madukani na kuvichomeka chini ya meza bila idhini ya mtu yeyote.

Kwa kuangalia nyuma, ni hofu hiyo iliyozaa usimamizi wa sehemu moja. Urahisi ulikuja baadaye.

Mwaka 2002 kampuni ya Symbol Technologies ilitoa mtambo uliogeuza mpango mzima. Badala ya kila kisanduku kuwa na akili yake, akili ilikusanywa ndani ya mtambo mmoja uliokaa chumba cha seva, na visanduku vya darini vikabaki kuwa masikio na midomo. Airespace, iliyoanzishwa 2001, na Aruba, iliyoanzishwa 2002, ziliendeleza fikra hiyo kwa nguvu zaidi. Mtambo huo wa kati, kidhibiti, ulizisikiliza akses pointi zote kwa pamoja, ukajua ipi inaisikia ipi, ukapanga chaneli na nguvu wenyewe. Akses pointi moja ikifa, ulizipandisha jirani zake nguvu ili kuziba pengo. Kisanduku kisicho na idhini kikichomekwa mahali, ulikigundua na kupiga kelele. Nywila ilibadilishwa mara moja, mahali pamoja, na mahali pote pakafuata. Januari 2005 Cisco, kampuni kubwa ya mitandao ambayo mpaka hapo ilikuwa ikiuza akses pointi zinazojitegemea, ilitangaza kuinunua Airespace kwa dola milioni 450. Mjadala wa njia ipi ni bora ulimalizwa na hundi hiyo.

Yafaa kueleza kisanduku kipya kinavyoungana na kidhibiti, kwa sababu hapo ndipo uzuri wa ubunifu huu ulipo. Kikichomekwa waya, kwanza kinaomba anwani. Kisha kinatafuta bwana wake: kinaita kwa sauti ndani ya mtandao, au kinasoma maelekezo yaliyoambatanishwa na anwani kiliyopewa, au kinauliza jina maalumu lililowekwa na fundi. Kikijibiwa, pande zote mbili zinaonyeshana vyeti vya utambulisho, maana isingefaa kisanduku kimtii kidhibiti bandia wala kidhibiti kikubali kisanduku cha mwizi. Baada ya kuaminiana kinapakua programu yake na maagizo yake, kinajiwasha upya, kinaanza kazi. Fundi aliyekipandisha juu ya ngazi hakuhitaji kujua hata nywila moja. Lugha ya mazungumzo hayo ilikuwa ya Airespace yenyewe mwanzoni. Jopo la kanuni za intaneti likaichukua, likaifanyia kazi kwa miaka, na Machi 2009 likatoa kanuni ya wazi iitwayo CAPWAP. Ndani yake amri zinapita njia moja na data ya watumiaji njia nyingine, na amri husimbwa ili asizisome mpita njia.

Kugawa huko kwa amri na data kulikuja kuwa muhimu kuliko wengi walivyotarajia. Vidhibiti vya awali vilitaka kila kitu kipite kwao. Mwalimu aliyetuma faili kwa mwenzake wa chumba cha pili, faili lilisafiri mpaka chumba cha seva likarudi. Ndani ya jengo moja si neno. Lakini shirika lenye kidhibiti makao makuu na tawi lililo umbali wa kilomita mia nane lilikuwa linamtuma mtumiaji wa tawini makao makuu kwa kila herufi, na njia kuu ikikatika tawi zima lilikuwa kiziwi, hata kwa printa iliyoko chumba hichohicho. Wahandisi walirekebisha: akses pointi ya tawini ikaruhusiwa kupitisha data palepale na kuendelea na maagizo ya mwisho iliyopewa, ikisubiri kidhibiti kipatikane tena. Katika hatua zote za historia hii, hiyo ndiyo inayostahili kukumbukwa zaidi na watu wa maeneo ya mbali, ingawa katika matangazo ya kibiashara haikupata hata nusu ya sifa za mwendo wa megabiti.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa wanafunzi. Katika chuo cha MIT kulikuwa na mradi wa Roofnet, uliounganisha nyumba kwa antena za mapaa. Sanjit Biswas na John Bicket waliutoa humo mwaka 2006 wakaanzisha Meraki pamoja na Hans Robertson. Kidhibiti chao hakikukaa chumba cha seva cha mteja hata kidogo. Kilikaa kwenye seva zao wenyewe, mawinguni kama watu walivyozoea kusema, na mteja alikifikia kwa kivinjari kutoka popote. Data ya watumiaji haikupita huko. Zilipita amri na takwimu tu. Novemba 2012 Cisco iliinunua nayo, kwa dola bilioni 1.2.

Kwa shule yenye mwalimu mmoja wa kompyuta, mpango wa mawinguni unaonekana kuwa jibu la dua. Kisanduku kinafika ndani ya boksi, kinachomekwa, na mtaalamu aliye Mbeya au Dodoma anakiona kwenye skrini yake. Lakini una bei ambayo haiandikwi juu ya boksi. Kuna huduma za aina hii ambazo leseni yake hulipwa kwa muda maalumu kwa fedha za kigeni; muda ukiisha na siku za msamaha zikipita, visanduku vinaacha kuhudumia watu hata kama vyenyewe ni vizima. Na mawingu nayo huharibika. Agosti 2017 kosa la mpangilio katika hifadhi ya Meraki lilifuta baadhi ya data zilizopakiwa na wateja, zikiwemo ramani za majengo. Hata vidhibiti vya kukaa kwa mteja vimekuwa na mtego wao: vyeti vya utambulisho vilivyowekwa kiwandani ndani ya baadhi ya akses pointi viliwekewa uhai wa miaka 10, na siku ilipofika visanduku vizima vilikataliwa na vidhibiti vyao mpaka fundi abadilishe mpangilio. Nchi zinazopokea vifaa vilivyokwisha kutumika ng'ambo zinapaswa kuusoma mfano huo mara mbili.

Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa imefuata njia nyingine, ya vifaa vya bei nafuu na akili ya fundi. Ruta ya Linksys WRT54G iliyotoka mwishoni mwa 2002 ilikuwa na programu huria ndani yake. Kampuni ilipolazimika kuitoa hadharani, wapenzi wa programu huria wakaanzisha OpenWrt mwaka 2004, na ghafla kisanduku cha nyumbani kikaweza kufanya kazi za mitambo ya gharama kubwa. MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanzishwa 1996, ilijenga ruta ambazo leo fundi yeyote wa mitandao wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anazijua kwa majina, na mwaka 2014 ilitoa CAPsMAN, mfumo unaoifanya ruta ya kawaida iwe kidhibiti cha akses pointi bila kununua leseni nyingine. Ubiquiti ya Robert Pera nayo ilileta UniFi mwanzoni mwa miaka ya 2010: kidhibiti ni programu ya kuwekwa kwenye kompyuta yoyote, na kompyuta hiyo ikizimwa akses pointi zinaendelea kutoa huduma kwa maagizo zilizo nayo. Katika nchi ya kukatika kwa umeme, sifa hiyo ina thamani kubwa.

Lakini Wi-Fi bila intaneti nyuma yake ni mlango usio na nyumba, na nyumba ilichukua muda kujengwa. Tanzania ilitoa Sera ya Taifa ya TEHAMA mwaka 2003. Mwaka 2005 serikali, kwa msaada wa Sweden, ilianza kuvipelekea kompyuta vyuo vya ualimu vya umma. Mwaka uliofuata watu wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, wakishirikiana na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na chuo cha KTH cha Stockholm, walikwenda Bunda na Serengeti. Walikuwa wamebaini kwamba nyaya za umeme za TANESCO zilikuwa na nyuzi za faiba ambazo hazikutumika ipasavyo. Wakazitumia kama uti wa mgongo, kisha wakarusha mawimbi kutoka hapo kwenda mashuleni, mahospitalini na ofisi za halmashauri. Profesa Björn Pehrson na Mtanzania Amos Nungu ni kati ya waliouandika mradi huo kitaaluma, na jambo walilolirudia ni kwamba mtandao wa wilayani unadumu pale wenyeji wanapokuwa na mkono katika uendeshaji wake.

Mwaka huohuo wa 2006 sheria iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM uliwashwa, EASSy ukafuata 2010, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza, ukaunganisha mikoa na kutokea mipakani: Namanga, Mutukula, Rusumo, Tunduma na Kasumulu. Hiyo ya mwisho ni mpaka wa Malawi, chini ya Tukuyu kwa barabara ya kutoka Uyole, Mbeya. Mei 2023 jijini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 ya simu katika kata 713.

Majirani nao hawakulala. Mwaka 2014 Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, pamoja na kampuni ya Liquid Telecom, ilizindua Wi-Fi ya bure mjini, ikaiita Bilawaya. Nairobi kampuni ya BRCK iliweka visanduku vyake ndani ya matatu, kila kimoja kikibeba hifadhi ya video na vitabu ili abiria wapate kitu hata gari likipita penye mtandao hafifu, na vyote vikisimamiwa kutoka ofisi moja. Uganda mtandao wa vyuo, RENU, umeisukuma mbele huduma ya eduroam. Wazo lake lilitolewa mwaka 2002 na Klaas Wierenga wa Uholanzi: mwanafunzi awe na jina moja na nywila moja, na akifika chuo chochote duniani kilichojiunga, simu yake inaunganishwa yenyewe. Uzuri wake ni kwamba hakuna kidhibiti kimoja cha dunia. Kila chuo kinasimamia akses pointi zake na kuwathibitisha watu wake. Kilicho cha pamoja ni njia ya kuulizana tu: huyu ni wa kwenu?

Hapa kuna tofauti ambayo watu wengi huipita bila kuiona. Kusimamia kutoka sehemu moja hakulazimu sehemu hiyo iwe mbali, wala iwe moja kwa nchi nzima.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 Tanzania ililipata somo hilo kwa vitendo. Mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoathirika vibaya zaidi. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga huduma zake kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao kuwa hafifu. Mitandao ya ndani ilipatwa kwa namna tofauti kulingana na ilivyopangwa. Ule wenye akses pointi zinazopitisha data zenyewe na kuwatambua watumiaji papo hapo unaweza kuendelea kuchapa, kufungua mafaili ya seva ya jengo na kusoma vitabu vilivyohifadhiwa humo hata dunia ya nje ikizimika. Ule ambao kila mtumiaji lazima athibitishwe na seva iliyoko ng'ambo hauwezi hata kumruhusu karani afungue jedwali lililo chumba cha jirani.

Sasa tuiweke nchi ya Rungwe, wilaya yenye Tukuyu na Kisiba, mbele ya macho. Ardhi yake ni vilima na mabonde yaliyochongwa na volkano, mlima wenyewe ukipita mita 2,900, na mvua yake ni kati ya nyingi kabisa nchini. Mvua yenyewe haiyasumbui sana mawimbi ya 2.4 GHz. Kinachoyala ni majani yaliyolowa, na Kisiba ina migomba kila upande. Shule ya Kisiba ina madarasa yaliyotawanyika uwanjani, kuta za matofali ya kuchoma, mapaa ya bati yanayorudisha mawimbi. Akses pointi moja ya ofisi ya mwalimu mkuu haitafika darasa la mwisho. Zitatakiwa nne au tano, na zahanati ya jirani itataka mbili, na ofisi ya kata moja. Wilaya nzima itahesabu mamia. Hakuna halmashauri yenye mafundi wa kuzitembelea moja moja, hasa masika barabara za udongo zinapokuwa tope.

Kwa hiyo usimamizi wa sehemu moja ni wa lazima kwa Rungwe kuliko hata ulivyokuwa wa lazima kwa Pittsburgh. Suala ni sehemu hiyo iwe wapi. Kwa hoja zilizotolewa na historia yenyewe, makao yanayofaa ni Tukuyu: kidhibiti katika chumba cha seva cha wilaya, kisichodai leseni ya kila mwaka, akses pointi za vijijini zikipitisha data palepale, watumiaji wakithibitishwa ndani ya wilaya, na nakala ya mpangilio ikihifadhiwa mahali pa pili. Vyuo vya ualimu vya Tukuyu na Mpuguso viko hapohapo, na vijana wao wakifundishwa kusoma taa za kisanduku na kupima nguvu ya mawimbi, kila shule watakayopangiwa itapata fundi wa kwanza bila kuajiri mtu mpya.

Mambo matatu basi yadaiwe na kila anayesaini mkataba wa vifaa hivi kwa niaba ya shule, hospitali au halmashauri, na yadaiwe kabla fedha hazijatoka. Nywila kuu ya kidhibiti ikabidhiwe kwa maandishi kwa mwenye mali, isibaki kwenye simu ya mzabuni. Mzabuni achomoe waya wa intaneti mbele ya kamati ya mapokezi na kuonyesha kwamba mtandao wa ndani bado unafanya kazi. Na mkataba utaje kwa tarakimu gharama ya mwaka wa pili, wa tatu na wa nne. Kamati isiyopewa majibu hayo irudishe mzigo.